Firigisi ya Mzee Wafula

Majuzi kanisa letu la Makadara liliwaalika wote waliowahi kuabudu humo lilipokuwa bado banda la mabati. Sasa ni jumba la mawe, lina feni darini na spika zinazoning'inia kama mizinga ya nyuki. Niliketishwa mbele pamoja na wazee wenzangu wa kanisa, na kando yangu akaketishwa Mama Nekesa, aliyeletwa na binti yake kutoka Komarock. Amejitanda leso juu ya gauni lake la Jumapili, macho yamefifia, lakini ulimi ni ule ule. Kijana mmoja akapanda jukwaani, akapaza sauti, "God is good!" Kanisa zima likamjibu, "All the time!" Akarudia, tukarudia. Mama Nekesa akanigusa kwa kiwiko. "Mkalimani," akaniita, kwa jina ambalo ni yeye tu aliyebaki kuniita, "na hilo good, siku hizi mnalitia katika chungu gani?" Nilicheka mpaka mama aliyekuwa nyuma yetu akanipa kitambaa cha kufutia machozi. Kisha kicheko kikaisha lakini machozi yakaendelea, kwa kuwa swali lile halikuwa lake. Lilikuwa la marehemu mumewe, Mzee Wafula, na lilinirudisha katika mwaka mmoja wa ujana wangu ambao ninamshukuru Mungu kwao kila nikipiga magoti.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, na siku za wiki nilimsaidia shangazi yangu kuuza viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Jumapili nilikuwa kanisani tangu asubuhi. Kanisa letu lilipata wageni wengi waliohubiri kwa Kiingereza, nao waumini wetu walikuwa mama wa mboga, mafundi na vibarua, wengine kutoka magharibi mwa nchi, wengine kutoka Mkoa wa Kati kama mimi, na lugha iliyotukutanisha sote ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo kila mhubiri alisimama na mkalimani kando yake, sentensi kwa sentensi. Kwa miaka mingi mkalimani huyo alikuwa Mzee Wafula, karani wa reli, mtu mrefu mwenye koti la kijivu na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Mwaka ule sauti ikaanza kumtoka. Alikohoa katikati ya mahubiri, akanywa maji, akakohoa tena. Baraza la wazee likaamua atafutwe kijana wa kufundishwa kabla hajanyamaza kabisa, na kwa sababu nilikuwa nimefaulu Kiingereza, wakaniweka mikononi mwake nijaribiwe mwaka mzima. Yeye ndiye angewaambia kama nafaa au sifai. Niseme wazi nilichokuwa nakitaka: kuwa mkalimani nilikutaka, ndiyo, lakini zaidi nilitaka mtu yule, ambaye hakuwahi kusikika akimsifu mtu yeyote, aniambie siku moja tu kwamba nimefanya vizuri.

Masahihisho yalifanyika mezani. Kila Jumapili baada ya ibada nilifuatana naye hadi kwenye nyumba za reli, tukaingia katika chumba chao cha mbele, chenye viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama Nekesa, kalenda ya mwaka uliopita ambayo haikutolewa kwa sababu ya picha yake ya maporomoko ya maji, na redio iliyofunikwa kitambaa chake yenyewe kama bibi harusi. Jiko lilikuwa nje, na moshi wa makaa uliingia kwa dirisha pamoja na harufu ya chakula. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, Jumapili ya kwanza kabisa. Siku ile kulikuwa na kuku. Mama alinituma nilete sufuria na kupakua, kwa kuwa nilikuwa msichana na mgeni lazima aonyeshe ana mikono. Nikampakulia Mzee paja, nikampakulia Simiyu, mdogo wake aliyekuja kula kila Jumapili bila kukosa, nikampakulia Mama. Mimi nikajiwekea kipande kidogo kuliko vyote, cheusi, kilichojificha chini ya mchuzi, kwa adabu niliyofunzwa nyumbani. Nikakitia mdomoni. Simiyu akaweka tonge lake chini.

"Kaka," akasema, "naona nyumba imepata mwenyewe mpya."

"Kwani nimefanya nini?" nikauliza, mdomo umejaa.

"Umekula firigisi! Dada, hiyo ni ya mwenye boma. Mwanamke haili. Hata mimi, na ndevu hizi, siili akiwa hapa."

"Mwache mtoto," Mama akasema, akijifunika uso kwa ncha ya leso ili nisione anacheka. "Kwao kuku ana vipande tu, hana vyeo."

Nilitaka sakafu ipasuke. Sikujua niteme au nimeze. Mzee Wafula akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Imeiva?"

"Imeiva, Mzee."

"Basi maliza. Lakini ujue umeketi katika kiti changu." Akavuta sahani yake akala paja, na hakulitaja jambo hilo tena. Simiyu alilitaja kwa niaba ya wote wawili. Kufikia Jumatano hata akina mama wa foleni ya maji walikuwa wakiniamkia, "Shikamoo, mzee wa boma," nami nikawa nabeba mtungi wangu huku nimeinamisha kichwa. Tangu siku ile, kila walipochinja, nilikuwa mwangalifu kuitafuta firigisi kwa kijiko na kuiweka katika sahani yake kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kuhusu lile neno. Wageni wetu walipenda kusema good kuliko neno lolote. Mungu ni good, chakula mlichotupa jana kilikuwa good, kwaya yenu ni good, mchungaji wenu ni mtu good, habari za wokovu ni habari good. Mimi, kwa kutaka kwenda na kasi yao, nilikuwa nasema "nzuri" kila mahali, na waumini walikuwa wakiitikia amina, nami nikadhani kazi imekwisha. Mezani Mzee Wafula aliniuliza, "Ile kwaya uliionea wapi uzuri? Umeitazama au umeisikia?" Hakungoja jibu. "Wenzetu Waingereza wana mwiko mmoja kwa vyungu vyote," akasema, bila dharau, maana aliwapenda sana. "Wanaukoroga uji kwa good, wanaukoroga mchuzi kwa good, na kila mtu kwao anajua kilichomo chunguni. Sisi tuna mwiko wa kila chungu. Kazi yako ni kufunua kifuniko kwanza. Unapolisikia neno, jiulize: hili analitia katika chungu gani?" Akanipa zoezi la wiki nzima: nikiwa sokoni, kila mteja atakayesifu kitu, nisikilize anakisifia nini.

Nikarudi Kariokor na masikio mapya. Mwanamke mmoja alikunja kiatu mara mbili akakiachia, akasema, "Hii ngozi ni nzuri," na nikaona kwamba hakuwa amekitazama hata kidogo. Alikuwa amekisikiliza kwa vidole, na alichotaka kusema ni kwamba ni imara. Vijana wa Jericho walivaa makubadhi ya tairi wakatembea mbele yetu huku na huku. "Sasa hii ni fiti, maze!" mmoja akasema. Nilipomwuliza fiti maana yake nini alinitazama kwa huruma. "Siste, fiti ni fiti. Ukiivaa unajua." Shangazi yangu, aliyekuwa akipiga misumari kando, akasema kwa sauti kwamba yeye mnunuzi akisema kitu ni kizuri anajua hatakinunua, maana anayenunua kwa kweli hutafuta kasoro. Nilimpelekea Mzee hayo yote Jumapili, naye akayala pamoja na ugali. Lile la shangazi lilimpendeza zaidi. "Mwambie shangazi yako," akasema, "kwamba ndivyo ninavyokununua wewe."

Nilifurahi nusu ya njia ya kurudi nyumbani, nusu nyingine nikakasirika. Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa namna yake. Nilikuwa nimeanza kusimama sawasawa, hatua moja nyuma ya mhubiri. Nilikuwa nimejifunza kungoja pumzi yake ishuke kabla ya kuanza, kuinua mkono akiinua na kutoruka akiruka. Nilikuwa nimejifunza kwamba Mungu husemwa mwema, kwamba habari husemwa njema, kwamba chakula ni kitamu na mtoto aliyepona ni mzima, na kwamba kazi ya mikono ikikamilika fundi husema tu, "Safi." Watu walinishika mkono mlangoni wakaniambia nimetafsiri vizuri. Mzee Wafula alisema, "Pale kwa Zakayo ulimtangulia mgeni." Ama alisema, "Leo umeongeza neno. Maneno ni ya mgeni, mwanangu. Wewe unayabeba tu. Mbeba maji hatii sukari njiani." Siku moja Mama Nekesa alimkemea mbele yangu. "Baba Nekesa, huwezi kumwambia mtoto wa watu hata amejaribu?"

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Mzee akajibu.

"Na asiposifiwa kabisa, huteremka mnazi akaenda kuuza mitumba." Mama aliniongezea chai bila kuniuliza. Mzee akakohoa, na sikuweza kujua kama ni kikohozi au kicheko.

Nimekuwa katika imani miaka mingi sasa, nimesoma Neno na kulifundisha, na bado ninaona kwamba mafundisho makubwa niliyoyapata niliyapata mezani pale, katika moshi wa makaa. Moja lilikuja mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza. Mzee hakuwa akisimama kanisani tena. Alikuja akasikiliza tu, na nyumbani alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, koti juu ya mabega, blanketi juu ya koti. Mgeni mmoja siku ile alikuwa amemsifu mbele ya watu wote, nami nikatafsiri kwamba Mzee Wafula ni mtu mwema, na watu wakapiga makofi. Nilidhani amefurahi. Nilipoingia nyumbani kwake alinionyesha kigoda.

"Yule tajiri kijana alipomwita Bwana wetu mwema, Bwana alimjibu nini?"

"Alimwuliza kwa nini amwite hivyo. Kwamba mwema ni Mungu peke yake."

"Bwana mwenyewe, asiye na dhambi, alilikataa kwa heshima ya Baba yake. Halafu unipe mimi, karani wa reli?" Sauti yake ilikuwa imebaki kama karatasi inayokunjwa. "Wema nilio nao ni wa kuazima. Ninakaribia kuurudisha. Siku yangu ikifika watasimama watu kunisifu kwa Kiingereza, nawajua. Wewe usiniite mwema."

"Na mgeni akisema good je, Mzee? Si umeniambia nisiongeze wala nisipunguze?"

Alifumba macho. "Mkalimani halipwi kwa maneno mepesi."

"Halipwi kabisa," Mama akasema kutoka mlangoni.

Alifariki kabla ya Krismasi, alfajiri, bila kelele. Baraza la wazee lilikuwa halijapata kutoka kwake neno lolote kunihusu, wala mimi sikuwa nimelipata. Kabla ya kumsafirisha kwao magharibi, tulimfanyia ibada ya kumuaga kanisani. Mabati yalikuwa yakipigwa na mvua, jeneza liko mbele, Mama Nekesa ameketi kando yake na watoto wake, Simiyu amesimama nyuma yao na kofia mkononi. Mhubiri alikuwa mgeni mzee kutoka ng'ambo, ambaye Mzee Wafula alimtafsiria kila alipotutembelea, tangu nikiwa mtoto. Akanitazama nikisimama mahali pa rafiki yake, akaniinamishia kichwa kidogo. Nilimtafsiria vyema, nathubutu kusema hivyo leo. Alisimulia safari zao, gari lao lililokwama matopeni, jinsi Wafula alivyokataa kumtafsiria mzaha mmoja kwa sababu haukufaa mbele ya akina mama, na kanisa likacheka na kulia pamoja. Kisha akafunga kitabu chake, akaweka mkono juu ya jeneza, akasema sentensi fupi kuliko zote: "He was a good man."

Akaningoja. Nikafungua mdomo, na sikuwa na kitu. Kulia kwangu kulikuwa na agizo la kutomwita mwema, kushoto kulikuwa na agizo la kutobadilisha neno la mgeni, na yote mawili yalitoka kwa mtu yule yule aliyelala mbele yangu. Ningeweza kusema "mzuri", nikapita, na hakuna ambaye angejua. Lakini yeye alikuwa amenifundisha kufunua kifuniko, nami nilikuwa nimefunua, nikaona kilichomo. Mvua ikaendelea. Katika kanisa letu kulikuwa na desturi kwamba mkalimani akikwama, waumini humsaidia. Neno likimpotea, mtu yeyote hulitupa kutoka alipoketi. Basi wakadhani nimelisahau.

"Msaidieni!" mzee mmoja akasema.

"Mkarimu!" akaita jirani yao wa nyumba za reli. "Alikuwa mkarimu!"

"Mnyoofu!"

"Mkali!" akasema kijana mmoja wa kwaya, na kwaya nzima, ambayo Mzee alikuwa akiinyamazisha kwa jicho moja tu, ikaangua kicheko kisha ikajiziba midomo.

"Mzee alikuwa fiti," mwingine akaongeza kutoka nyuma, akaambiwa shh.

"Mkweli!" "Mvumilivu!" Maneno yakaja kutoka kila upande, kila mtu akitoa chunguni mwake, na mgeni wa watu akawa anageuza shingo huku na huku akishangaa ni sentensi gani ya Kiswahili iliyo ndefu namna ile. Hakuna aliyesema mwema. Sijui kama alikuwa amewakataza wote, au kila mmoja alikuwa na lake tu. Nami bado nilikuwa nimesimama na kipaza sauti, machozi yananitoka.

Mama Nekesa akainuka. "Wambui," akaniita, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kuniita kwa jina langu. "Alikukataza wewe kumwita hivyo. Huyu mgeni hakumkataza. Maneno ni ya nani?"

"Ni ya mgeni, Mama."

"Basi yabebe uyafikishe."

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Alikuwa mtu mwema." Na watu waliokuwa wakipiga kelele sasa hivi wakajibu kwa sauti ya chini sana, kama wanaoweka kitu kizito chini kwa pamoja, "Amina."

Mama alirudi Nairobi baada ya mazishi kuja kufungasha, kwa kuwa nyumba ile ilipaswa kurudishwa. Jumapili ya mwisho alinialika. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimekunjwa ndani ya sanduku, kalenda imeacha alama ya mstatili ukutani, redio imefungwa kwa kamba. Simiyu alikuwepo, naye ndiye sasa mwanamume wa nyumba, ameketi katika kiti cha karibu na dirisha. Mama alikuwa amechinja kuku wake wa mwisho. Nilinyanyuka kwenda kupakua, akanizuia. Akapakua mwenyewe, na kijiko chake kikatafuta chini ya mchuzi, kikaipata firigisi, kikapita juu ya sahani ya Simiyu, kikaiweka katika sahani yangu.

"Shemeji!" Simiyu akasema. "Hiyo ni ya—"

"Najua ni ya nani. Mwenyewe ndiye aliyesema." Mama aliketi. "Wiki ile ya mwisho alinishika mkono. Akasema, 'Yule mtoto atanitafsiri siku yangu. Akisimama mpaka mwisho, mpe.' Nikamwuliza nikupe na neno gani. Akasema, 'Mpe tu. Atajua kufunua kifuniko.'" Akamgeukia Simiyu. "Na wazee wa kanisa nimekwisha kuwaambia."

Simiyu alitazama sahani yangu. Kisha akasogeza kiti chake, taratibu, nafasi ikapatikana pale dirishani. "Njoo basi ukae huku," akasema. "Mzee wa boma hali karibu na mlango."

Nikahamia dirishani na sahani yangu. Ilikuwa imeiva, laini, na mchuzi wa Mama ulikuwa umeingia ndani yake kabisa. Nilitafuna polepole, maana nilijua sitapewa nyingine. Wote wawili walikuwa wakinitazama.

"Haya, mkalimani," Mama akasema. "Ikoje?"

Mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa maneno, mwiko wa kila chungu, na yote nilikuwa nayo. Nilimnyooshea sahani, nikamwomba aniongeze mchuzi.